Pikapu Inayochelewa Kuwaka: Dalili Huonekana Marangu Alfajiri, Si Himo Saa Nne

Mwezi Julai, saa kumi na moja alfajiri, vijiji vya Marangu, Mamba na Mwika huwa na sauti moja inayojulikana: stata ya pikapu ikizunguka kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Ndizi zimepakiwa tangu jana jioni, wateja wanasubiri sokoni Himo, na dereva ameshika ufunguo huku akiomba Mungu. Injini inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, kisha inashika na kumwaga wingu jeupe juu ya migomba. Ikifika saa nne, gari hilohilo limeegeshwa mbele ya gereji Himo. Fundi anagusa ufunguo tu, injini inaitika. Anafungua boneti, anatazama huku na huku, anaifunga. "Mbona halina tatizo?"

Fundi hakosei, na dereva hasemi uongo. Gari limeshuka mteremko likiwa limeshapata moto, na hitilafu ya kuwaka kwa baridi haionekani kwenye injini ya moto. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea: inanunuliwa betri ambayo haikuhitajika, kisha stata, kisha nozeli, na baridi ya mwaka unaofuata inalikuta gari na ugonjwa wake uleule. Mtu anayeweza kupata jibu kwa gharama ndogo ni mwenye gari mwenyewe, nyumbani kwake, kabla jua halijachomoza, akiwa na simu, multimita ya bei nafuu na chupa tupu ya maji.

Himo iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanakoanzia safari wapandaji wengi wa Kilimanjaro, liko karibu mita 1,900. Kwa kawaida joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na hewa nayo huwa nyepesi zaidi. Injini ya dizeli huguswa na yote mawili kwa sababu ya namna inavyowaka. Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, hakutumia cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ifikie joto la mamia ya nyuzi, kisha mafuta huingizwa humo na kujiwasha yenyewe. Hewa ikiingia ya baridi na nyepesi, chuma cha injini kikiwa baridi, na stata ikizungusha polepole, joto hilo huchelewa kupatikana. Udhaifu mdogo usiomsumbua mtu Himo unaweza kumtoa jasho dereva wa Marangu.

Gari linachelewa wapi?

Kabla ya kugusa kitu chochote, dereva asikilize. Kuchelewa kuwaka kuna namna tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Ya kwanza ni pale ufunguo unapozungushwa na stata isiitike. Milio midogo ya haraka inayofuatana huelekeza kwenye betri iliyoishiwa au temino zilizolegea. Mlio mmoja mzito, huku taa za dashibodi zikibaki kali, huelekeza ndani ya stata, kwenye vipande vya shaba vinavyounganisha umeme katika solenoidi. Stata za Denso, zinazofungwa kwenye Toyota nyingi, zinajulikana kwa kulika vipande hivyo, na huuzwa peke yake. Si lazima kununua stata nzima. Stata inayoamka baada ya kugongwa kwa nyundo, mara nyingi kaboni zake zimeisha. Kukiwa kimya kabisa, zitazamwe fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Kwa gari la otomatiki, dereva asogeze gia kwenye N ajaribu tena, kwani swichi ya gia ikichoka huzuia umeme usifike kwenye stata.

Ya pili ni stata kuzunguka kwa kujivuta. Hapa washukiwa ni betri, waya zake, stata yenyewe, na wakati mwingine oili nzito. Gari linalolala Marangu na kutumia oili ya SAE 40 huipa stata kazi kubwa alfajiri kuliko lenye 15W-40, ambayo hubaki nyepesi kwenye baridi.

Ya tatu ndiyo inayopoteza fedha nyingi zaidi: stata inazunguka kwa kasi nzuri, lakini injini haishiki. Hapo betri na stata zimeshafanya kazi yake. Kinachokosekana ni mafuta, joto au mbano ndani ya silinda, na betri mpya haileti hata kimoja kati ya hivyo.

Simu isaidie. Mwenzake dereva arekodi video fupi tangu ufunguo unapozungushwa mpaka injini inaposhika, picha ikionyesha dashibodi kwanza, kisha bomba la moshi. Injini nzima ya dizeli, taa ya hita ikishazimika, hushika ndani ya sekunde mbili au tatu. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Baada ya hapo ipumzishwe angalau nusu dakika, la sivyo itaungua na kuleta tatizo la pili juu ya la kwanza.

Namba za betri

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu betri iliyochakaa inaweza kuonyesha 12.5 ikiwa imetulia na kuanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Kipimo cha maana hufanyika stata inapozunguka: mtu mmoja ashike nyaya za multimita kwenye temino, mwingine apige stata. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haijachajiwa vya kutosha. Zikibaki juu ya 10 na bado stata inajivuta, betri haina kosa.

Katika hali hiyo waya ndizo zinazofuata. Waya mmoja wa multimita uwekwe kwenye temino hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Kwenye njia nzuri kipimo hakivuki volti 0.2 kwa wingi. Kikisoma volti nzima au zaidi, waya wa ethi umeoza, umelegea au una kutu pale ulipofungwa kwenye injini au kwenye chesisi. Pikapu zinazobeba ndizi mbichi na kupita kwenye tope la masika hupata kutu hiyo kwa urahisi, na dawa yake ni spana, msasa na robo saa ya kazi.

Injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Pungufu ya hapo, altaneta haichaji vizuri. Safari fupi nazo zina madhara yake: kutoka Marangu hadi Himo hakufiki kilomita 20, na gari linalokwenda huko na kurudi huku limewasha taa, redio na kuchaji simu huenda lisirudishe umeme wote ambao stata iliutumia alfajiri.

Moshi una ushahidi

Stata ikizunguka vizuri na injini isishike, macho yaende kwenye ekzosi. Moshi mweupe ukitoka wakati wa kupiga stata, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui. Utafutaji uelekee kwenye hita, mbano, au muda wa pampu kupeleka mafuta. Kusipotoka moshi wowote, dizeli haifiki, na utafutaji uelekee kwenye tangi, mipira, filta na pampu. Dakika hiyo moja ya kutazama hupunguza kazi ya fundi kwa nusu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya ile video: moshi wa alfajiri haupandi gari kwenda Himo, lakini picha yake inapanda.

Mteremko utumike kama kipimo

Milima ya Uchaga ina kipimo ambacho dereva wa Dodoma hana. Injini ikishazimwa, mafuta hutakiwa kubaki kwenye mabomba mpaka asubuhi. Mpira ukiwa na ufa, kiungio kikilegea, au raba ya pampu ndogo iliyo juu ya filta ikikauka, hewa huingia na dizeli hurudi kwenye tangi usiku. Ufa huo huenda usidondoshe hata tone, kwa sababu ni mdogo na unavuta hewa badala ya kumwaga mafuta.

Basi pikapu ilazwe usiku mmoja ikiwa imeelekeza pua juu, na usiku unaofuata ikiwa imeelekeza pua chini, huku mafuta kwenye tangi yakikaribiana kiwango. Ikichelewa sana ilipolala pua juu na ikawaka haraka ilipolala pua chini, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta. Uthibitisho ni kusukuma pampu ya mkono ya kwenye filta asubuhi, kabla ya kupiga stata, mpaka iwe ngumu. Injini ikiitika mara moja baada ya hapo, shaka imekwisha. Fundi hufunga kipande cha mpira mwangavu karibu na filta ili mapovu yaonekane kwa macho, kisha hufuata kiungio kimoja kimoja mpaka afike yanakotokea.

Mteremko huohuo, ukitumiwa vibaya, huficha ugonjwa. Madereva wengi huegesha gari juu ya kilima ili alfajiri waliachie lishuke na kuwaka kwa gia. Mwezi unapita, miezi mitatu inapita, na tatizo lililokuwa la mpira mmoja linakuwa la pampu. Kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo. Injini ikiwa imezimika, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache na usukani wa pawa huwa mzito, kwenye barabara yenye kona ambayo watoto wa shule huanza kutembea kabla ya mapambazuko.

Hita na injini za zamani

Pikapu nyingi zinazohimili kazi ya mlimani ni Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, pamoja na Land Cruiser zenye 1HZ ya lita 4.2, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Hizi zote huunguza mafuta kuanzia kwenye chumba kidogo cha pembeni, na chumba hicho kikiwa baridi hunyonya joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana zinahitaji plagi za hita karibu kila asubuhi, hata ambapo hakuna barafu. Moja ikifa, injini huwaka ikitetemeka kwa muda. Mbili zikifa, dereva hupiga stata mpaka betri inachoka, kisha betri ndiyo inayolaumiwa.

Kuzipima ni rahisi. Bamba linalounganisha plagi zote lifunguliwe, kisha taa ya majaribio ya volti 12 iunganishwe kati ya temino chanya ya betri na kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, uzi wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Multimita nayo hutosha: plagi nzima ina ukinzani mdogo, karibu omu 1 au pungufu. Zikiwa nzima zote, kipimwe kama umeme unafika kwenye lile bamba ufunguo unapowashwa, kwani rilei ya hita nayo hufa. Taa ya hita kwenye dashibodi si ushahidi, maana katika magari mengi hufuata saa yake yenyewe na huzimika kama kawaida hata plagi zikiwa zimekufa.

Tahadhari tatu hapa. Plagi zifunguliwe injini ikiwa na uvuguvugu na zikiwa zimelowekwa mafuta ya kulegeza kutu, kwa sababu moja ikikatikia kwenye silinda hedi gharama yake huzidi plagi zote. Na wakati wa kununua, namba ya volti isomwe: injini za familia moja ziliweza kutoka kiwandani na plagi za volti 11 au za volti 6, na ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo wa 11 huungua mapema. Dawa ya kuwashia inayopuliziwa kwenye filta ya hewa isitumike kabisa kwenye injini yenye hita zinazofanya kazi. Mvuke wake unaweza kulipuka mapema na kuvunja ringi au pistoni.

Hita na mafuta vikiwa sawa, na moshi mweupe ukiendelea, zipimwe nafasi za valvu kabla ya kuzungumzia ovaholi. Kwenye injini hizi valvu hujichimbia kidogokidogo kwenye viti vyake mpaka nafasi inaisha, na mbano huvuja. Baada ya kuziseti, kompresheni ipimwe silinda moja moja. Injini ya aina hii ikiwa mpya hufikisha bar 30 au zaidi; ikikaribia 20, baridi ya mlimani itaishinda.

D-4D na jamaa zake

Hilux zenye injini ya D-4D za kizazi cha Vigo, kilichoanza kuuzwa miaka ya 2004 na 2005, hazifuati njia hiyo. Mafuta huingia moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo kwa baridi ya Kilimanjaro zinaweza kuwaka hata hita zikiwa zimechoka. Zikichelewa, shaka ya kwanza iwe shinikizo la mafuta. Kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka mpaka reli ya mafuta ifikishe shinikizo fulani, takriban bar 200 hadi 300. Filta ikiziba, hewa ikiingia, valvu ya kudhibiti mafuta (SCV) kwenye pampu ikinata, au nozeli zikirudisha mafuta mengi kwenye tangi, shinikizo hilo huchelewa na stata huzunguka bure.

Mashine ya kupimia isomwe stata ikizunguka, si injini ikiwa imetulia, na fundi aangalie tarakimu za shinikizo la reli badala ya kutosheka na orodha ya makosa. Kipimo cha nozeli hakihitaji kompyuta: mipira ya marudio huunganishwa kwenye chupa ndogo zinazofanana, injini huachwa iungurume dakika chache, kisha viwango hulinganishwa. Nozeli iliyojaza chupa kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Hakuna sababu ya kununua nne kabla ya kujua hilo.

Ile desturi ya kulegeza nati za mabomba ya nozeli ili kutoa upepo, inayofaa kwa 3L na 1HZ, haifai hapa hata kidogo. Injini ya reli ikiwa inaunguruma, shinikizo huweza kuvuka bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Jeraha kama hilo, hata likionekana dogo, ni la kukimbizwa hospitali papo hapo.

Pikapu za petroli zina mambo machache zaidi. Kwanza plagi na koili. Kisha pampu iliyo ndani ya tangi, ambayo huwa na kivalvu cha kuzuia mafuta yasirudi usiku. Kwenye magari ambayo pampu husikika ikivuma ufunguo unapowashwa, dereva awashe na kuzima swichi mara mbili au tatu kabla ya kupiga stata. Likiwaka haraka namna hiyo, shinikizo linavuja usiku. Toyota nyingi pampu yake haizunguki mpaka stata izunguke, hivyo jaribio hilo halitafaa. Ifungwe geji kwenye njia ya mafuta na isomwe asubuhi.

Dizeli yenyewe

Chupa tupu ina kazi yake. Asubuhi, gari likiwa limelala, kizibo cha chini ya filta kifunguliwe kidogo na mafuta ya kwanza yakingwe. Maji hutuama chini ya dizeli na mstari huonekana wazi. Mafuta yanayonunuliwa kwa madumu vijijini hupata maji na mchanga kwa urahisi, na tangi linaloachwa karibu tupu usiku hukusanya unyevu wa hewa ya mlimani.

Uchakachuaji nao haujasahaulika. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wanaochanganya, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa kishawishi. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikitiwa mafuta ya taa, chuma husuguana na chuma, na hasara hujitokeza baadaye kama gari linalochelewa kuwaka. Risiti ya kituo ihifadhiwe, hasa pale tatizo lilipoanza siku moja au mbili baada ya kujaza.

Gari linapokabidhiwa kwa fundi

Mwenye pikapu aliyefanya haya hafiki Himo na neno "linasumbua asubuhi". Anafika na video, volti za betri kabla ya stata na wakati wa stata, rangi ya moshi, na jibu la usiku wa pua juu na usiku wa pua chini. Juu ya hayo aombe jambo moja: gari lilale gereji. Himo si baridi kama Marangu, lakini saa nane au kumi za kupoa hurudisha sehemu kubwa ya dalili, na fundi mwenyewe apige stata ya kwanza ya asubuhi. Kama gereji haina ulinzi wa usiku, fundi alipwe nauli apande alfajiri. Ni nafuu kuliko stata isiyohitajika.

Wakubaliane pia mapema kwamba kitu kimoja kitabadilishwa kwa wakati mmoja na spea ya zamani itarudishwa kwa mwenyewe. Vitatu vikifungwa siku moja, hakuna atakayejua kipi kiliponya, na gari likirudia hakuna pa kuanzia. Sehemu ya malipo ya ufundi ibaki mpaka gari liwake vizuri asubuhi tatu mfululizo likiwa limelala kwao, pua juu.

Wakati mzuri wa kazi hii yote ni mwezi Mei, kabla baridi ya Juni haijashika. Betri ipimwe kwa mzigo, ethi zisafishwe, hita zijaribiwe, filta ya dizeli ibadilishwe. Spea isiyopatikana Himo itakuwa na muda wa kuagizwa Moshi mjini au Arusha, na fundi atakuwa hajazidiwa na foleni ya pikapu zinazoteremshwa Julai.